Kichocho ndani ya konokono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila bango la kichocho lina mshale unaotoka kwa konokono kwenda kwa mtu. Bango halisemi kinachoendelea kabla ya mshale huo, na maswali mengi ninayoulizwa na walimu, wavuvi, wakulima wa mpunga na wazazi yanahusu jambo hilohilo. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoyafahamu.

Anayeumwa ni mtu. Kwa nini tuanze na konokono?

Kwa sababu minyoo ya kichocho haiongezeki ndani ya mtu. Ukiingiwa na vimelea kumi leo, utakuwa na minyoo isiyozidi kumi, hata ukikaa nayo miaka. Minyoo hiyo itataga, tena sana: jike mmoja wa kichocho cha tumbo anaweza kutaga mayai kama 300 kwa siku. Lakini yai haliwezi kuanguliwa na kuwa mnyoo mwingine ndani ya mwili uleule. Karibu nusu ya mayai hayatoki kabisa. Hunasa kwenye ini, utumbo, kibofu au mlango wa kizazi, na hayo yaliyonasa ndiyo yanayotuumiza. Yanayotoka kwa haja kubwa au mkojo hayana faida kwa kimelea mpaka yafike kwenye maji baridi na kupata konokono. Ndani ya konokono, kimelea kimoja hugeuka maelfu. Mtu anabeba mbegu, konokono ndiye shamba.

Kwani konokono wote wana kichocho? Huku kwetu wamejaa kila mahali.

Hapana. Konokono wa nchi kavu hawahusiki, wala wa baharini. Hata wa maji baridi, wengi hawana hatia.

Kichocho cha tumbo kinahitaji konokono wa jenasi ya Biomphalaria. Gamba lake ni bapa, limejiviringa kama kata ya kubebea ndoo kichwani, na kwa upana linaweza kulingana na sarafu ndogo. Kichocho cha mkojo kinahitaji Bulinus. Huyu ana gamba lenye ncha. Ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuelekea, utauona mdomo uko upande wako wa kushoto. Wote wawili hawana kifuniko mlangoni. Ukiokota konokono wa majini anayejifungia kwa kifuniko kigumu, huyo si wa kichocho cha Afrika, hata kama gamba lake linaelekea kushoto. Na yule mweusi, mwembamba, mrefu kama msumari, ambaye watu wengi hunionyesha kwa hofu, mdomo wake uko kulia. Naye si mhusika.

Kila jamii ya konokono ina makazi yake. Biomphalaria pfeifferi anapenda vijito na mifereji ya umwagiliaji, na ndiye anayeusumbua mradi wa mpunga wa Mwea nchini Kenya. Kando ya Ziwa Victoria, penye matete na mafunjo, yupo Biomphalaria sudanica. Kwenye kina, ndani zaidi ya ziwa, yupo Biomphalaria choanomphala. Kwa hiyo mvuvi anayesema "mimi naingia maji ya mbali, si ya matopeni" hajasalimika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Unguja. Kaskazini na katikati ya kisiwa kuna Bulinus globosus, na kichocho cha mkojo kipo. Kusini kuna Bulinus nasutus, anayefanana naye kiasi kwamba macho peke yake hayatoshi kuwatofautisha, lakini kimelea cha Zanzibar hakiwezi kukua ndani yake. Matokeo yake ni kwamba kusini mwa Unguja ugonjwa haukukita mizizi. Ni watu walewale, chakula kilekile na mvua ileile. Tofauti ni konokono. Lakini usihitimishe kwamba jina nasutus ni salama kila mahali, maana ndugu yake wa karibu ndiye anayeeneza kichocho cha mkojo kwenye malambo ya Usukumani.

Yai likifika majini, nini kinatokea?

Ndani ya mwili yai limetulia, kwa sababu damu, mkojo na kinyesi vina chumvi. Likidondoka kwenye maji baridi, chumvi inazimuliwa, maji yanaingia ndani ya yai, na kukiwa na joto na mwanga, ganda hupasuka baada ya muda mfupi. Anatoka lava, yaani mtoto wa kimelea, anayeitwa mirasidia. Urefu wake ni kama sehemu 15 za mia za milimita, yaani jicho makini linaweza kumwona kama punje ya vumbi inayokimbia kwenye glasi iliyopigwa na mwanga. Amevikwa vinyweleo mwili mzima na anaogelea kwa kasi.

Mirasidia hali chochote. Amezaliwa na akiba yake ya wanga, na akiba hiyo ikiisha naye amekwisha. Nguvu yake ya kuambukiza iko katika saa chache za mwanzo, na baada ya siku moja hivi amekufa. Maisha yake yote ni kumtafuta konokono.

Hapa ndipo choo kinapofanya kazi. Yai lililotua kwenye shimo la choo halina konokono wa kumfikia. Na kwa kichocho cha mkojo kuna jambo la kusikitisha: mayai hutoka kwa wingi zaidi kwenye mkojo wa mchana, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane. Ndizo saa ambazo watoto wako majini wanaoga, na mtoto akiwa majini hukojoa humohumo. Yai halisafiri hata hatua moja.

Mirasidia anamjuaje konokono wake?

Hana macho ya kuona umbo. Ana vipokea mwanga na uwezo wa kuhisi kemikali. Mirasidia wa kichocho cha tumbo kwanza hufuata mwanga, akikaa karibu na uso wa maji, mahali ambapo konokono wake pia hupenda kuwa. Akikaribia konokono huhisi kemikali za ute wake, na mwendo wake hubadilika: badala ya kwenda moja kwa moja, anaanza kugeukageuka palepale mpaka amguse. Kisha hubana kwa ncha ya mbele, hutoa majimaji yanayolainisha ngozi, na hujipenyeza, mara nyingi kwenye unyayo, kichwa au pembe za konokono.

Hukosea mara nyingi. Wengine huingia kwenye konokono asiye wao na kufia humo. Wengi zaidi huliwa au huishiwa akiba njiani.

Akishaingia, anafanya nini humo ndani?

Swali hili nalijibu kwa urefu, maana ndilo linalorukwa na mabango.

Saa za kwanza anavua vinyweleo vyake. Mabamba yote ya ngozi yaliyomsaidia kuogelea yanabanduka, na ngozi mpya inajitengeneza chini yake. Kiumbe aliyekuwa mwogeleaji anakuwa mfuko tu. Mfuko huo unaitwa sporosisti mama. Hauna mdomo, hauna utumbo, hauna miguu. Unafyonza chakula cha konokono kupitia ngozi yake, na unabaki karibu na pale ulipoingilia, kwenye nyama ya unyayo au pembe.

Ndani ya mfuko huo kuna seli ambazo mirasidia alikuja nazo tangu ndani ya yai. Hizi ni seli za uzazi zinazofanya kazi kama seli shina. Hazihitaji dume wala jike. Zinagawanyika, kila moja inakuwa kibonge, na kila kibonge kinakua kuwa mfuko mwingine mdogo ndani ya mfuko wa mama. Baada ya kama wiki mbili, mifuko hiyo midogo, yaani sporosisti binti, inatoka kwa mama na kuanza safari ndani ya mwili wa konokono. Inaelekea juu kabisa, kwenye ncha ya gamba au katikati ya ile kata, iliko tezi ya mmeng'enyo inayofanya kazi kama ini na kongosho kwa pamoja, na tezi ya uzazi iliyo jirani yake. Huko kuna chakula kingi kuliko mahali pengine popote mwilini mwa konokono.

Zikifika, sporosisti binti hurefuka kama nyuzi na kujisokota katikati ya tezi. Sasa kila moja inaanza kutengeneza lava wa mwisho, sekaria, ambaye ndiye humwingia mtu. Kazi ni ileile: seli inagawanyika, inakuwa kibonge, kibonge kinachomoza mkia, mkia unagawanyika panda mwishoni. Mara ya kwanza nilipoitazama tezi ya namna hii chini ya hadubini, nilitarajia kuona kitu kilichotulia, kama picha ya kitabuni. Nilikuta nyuzi zimefura, na ndani yake sekaria wanajikunja na kujinyoosha wote kwa pamoja, wakisubiri. Tangu siku hiyo siwezi kupita kando ya mfereji bila kuwafikiria.

Sekaria aliyekomaa hutoka kwenye sporosisti, hupenya nyama ya konokono hadi karibu na ngozi ya nje, kisha hutoka majini. Kwa kichocho cha tumbo, kwenye maji ya nyuzi kama 25 za Selsiasi, tangu mirasidia kuingia hadi sekaria wa kwanza kutoka ni kama wiki nne hadi tano. Kichocho cha mkojo kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi. Maji yakipoa kazi hupungua kasi, na kwenye baridi kali husimama. Hii ni sababu mojawapo ya kichocho kutosumbua vijito vya milimani.

Na sporosisti binti hazichoki upesi. Zinaweza kuzaa sporosisti nyingine badala ya sekaria, kwa hiyo kiwanda hujitengenezea mashine mpya. Konokono akishaanza kutoa sekaria, ataendelea kwa wiki au miezi, kwa kawaida hadi kufa kwake.

Mirasidia mmoja anazaa sekaria wangapi?

Konokono mmoja wa Biomphalaria anaweza kutoa mamia hadi elfu chache kwa siku moja. Bulinus hutoa pungufu ya hapo. Zidisha kwa siku zote alizobakiza, utaona kwamba yai moja lililotoka kwa mtoto mmoja linaweza kuleta makumi ya maelfu ya sekaria.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa biolojia. Minyoo mingi bapa ina jinsia mbili ndani ya mwili mmoja, lakini minyoo ya kichocho ina dume na jike mbalimbali, na jinsia imeshaamuliwa ndani ya yai. Kwa kuwa sekaria wote wa mirasidia mmoja wametokana na seli zilezile, wote ni nakala moja: ama madume watupu, ama majike watupu. Ili mtu apate minyoo inayotaga, lazima aingiwe na sekaria wa angalau mirasidia wawili tofauti. Kwenye mwalo wenye watu wengi hilo si tatizo kwa kimelea hata kidogo. Dume na jike wakikutana kwenye mishipa ya damu karibu na ini, dume humkumbatia jike kwenye mfereji wa kifua chake na kuishi naye hivyo kwa miaka.

Konokono mwenyewe haumwi?

Anaumwa. Chakula chake kinaliwa, tezi yake ya uzazi inavamiwa, na kwa kawaida anaacha kutaga mayai. Baadhi hunenepa na kukua kupita wenzao kabla ya kufa, kana kwamba nguvu ya uzazi imeelekezwa kwenye mwili. Huishi muda mfupi kuliko mwenye afya. Kimelea kimemwacha hai kwa ajili ya kazi moja tu.

Hajitetei?

Hujitetea. Damu ya konokono ina seli zinazoizingira sporosisti changa na kuiua, na wapo konokono ambao kwa urithi wao ni wagumu kuambukizwa. Jenomu, yaani orodha nzima ya vinasaba, ya Biomphalaria glabrata wa Amerika ilichapishwa mwaka 2017, na sehemu kubwa ya hamu ya watafiti ni kujua ugumu huo umekaa wapi. Konokono pia anaweza kuvamiwa na minyoo bapa ya aina nyingine, ambayo lava wake huitwa redia. Redia ana mdomo, na wengine humla sporosisti wa kichocho akiwa hai. Kwa sababu hizi zote, kwenye lambo lenye kichocho ukikusanya konokono mia moja, mara nyingi utakuta wanaotoa sekaria ni wachache tu. Wachache hao wanatosha.

Ni kweli kwamba mchana ni hatari kuliko asubuhi?

Kwa kichocho chetu, ndiyo. Mwanga ndio unaowaita sekaria kutoka. Idadi hupanda jua linapopanda, hufikia kilele karibu na adhuhuri, kisha hushuka. Anayechota maji alfajiri hukutana na sekaria wachache kuliko anayefua saa sita. Wachache, si sifuri.

Ratiba hiyo si bahati mbaya. Kimelea hutoka saa ambayo mwenyeji wake yuko majini. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe huko Karibi, ambako panya nao hubeba kichocho cha tumbo, kuna vimelea vinavyotoka alasiri kuelekea jioni, panya wanapoanza kutembea. Dhofar, Omani, imeonekana kwamba baadhi ya kichocho cha tumbo hutoa sekaria wake usiku, na panya wamehusishwa na hilo. Ratiba hii hurithiwa. Kwa hiyo ushauri wa "oga jioni" unafaa hapa kwetu, lakini usiuchukue kama sheria ya dunia nzima.

Sekaria anaingiaje mwilini?

Anaogelea kwa mkia wake wa panda, akihisi joto na mafuta ya ngozi. Akigusa ngozi, huacha mkia nje na kupenya kwa dakika chache tu. Hahitaji kidonda. Baadhi ya watu huhisi muwasho, wengi hawahisi chochote. Baada ya hapo hupitia mapafu, hufika ini, na baada ya wiki tano hivi au zaidi ni mnyoo mkomavu. Naye hali chochote akiwa majini: nguvu yake hupungua baada ya saa chache, na kwa siku moja au mbili amekufa.

Kujifuta haraka kwa taulo mara tu unapotoka kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikitegemee.

Maji ya ndoo je?

Yakikaa siku mbili bila konokono ndani, sekaria watakuwa wamekufa. Yachuje kwanza ili usibebe konokono au majani yenye mayai yake. Ukiyachemsha wanakufa papo hapo.

Lambo likikauka kiangazi, si kila kitu kinakufa?

Ningependa iwe hivyo. Bulinus hasa ni hodari wa kulala. Hujificha kwenye tope au chini ya majani makavu na kusubiri kwa miezi. Wengi hufa, wakiwemo karibu wote waliokuwa wanatoa sekaria. Lakini konokono aliyeambukizwa karibuni, ambaye sporosisti yake bado ni changa, anaweza kulala na kimelea chake, nacho husimama kukua, na mvua ikirudi wote wawili huamka. Halafu kumbuka kwamba konokono hawa wana jinsia mbili na wanaweza kujizalisha peke yao. Mmoja aliyebaki anaweza kulijaza lambo upya msimu uleule.

Watoto wetu wanameza dawa shuleni na bado wanarudi kuumwa. Dawa ni feki?

Si feki. Mzazi anayeuliza hivi ninamwelewa kabisa, kwa kuwa ameona mwanawe akipimwa urefu kwa ile fimbo, akimeza vidonge vichungu, na miezi michache baadaye anakojoa damu tena.

Prazikwanteli, ndiyo dawa hiyo ya shuleni, huua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga, ya wiki chache tangu kuingia, huiponyoka kwa sehemu kubwa. Na dawa haina kinga ya kesho: mtoto akirudi mfereji uleule siku inayofuata, mlango uko wazi. Wakati huohuo, konokono walioambukizwa kabla ya siku ya dawa wanaendelea kutoa sekaria kwa wiki na miezi, bila kujua kwamba shule nzima imetibiwa. Dawa imefika kwa mtu, haijafika kwa konokono.

Bado dawa ni ya lazima. Kila mnyoo unaokufa ni maelfu ya mayai ambayo hayatanasa kwenye ini au kibofu cha mtoto, na hayatafika majini. Mpe mtoto dawa. Kinachonikera ni pale tunapoitoa dawa peke yake mwaka baada ya mwaka, kijijini hakuna choo wala bomba, kisha tukamlaumu mama anayefulia ziwani. Angefulia wapi?

Kwa nini tusiue konokono wote?

Imejaribiwa, na kuna mafunzo. Dawa inayotumika zaidi ni niklosamaidi. Inaua konokono, lakini inaua samaki na vyura pia, na konokono waliobaki au walioletwa na mafuriko hujaza tena. Kwenye ziwa kubwa haiwezekani. Kwenye kidimbwi kidogo ambacho watoto huoga inaweza kusaidia, ikitumiwa na watu waliofunzwa na kurudiwa.

Zanzibar walifanya kazi kubwa kuanzia mwaka 2012: shehia 45 Unguja na 45 Pemba ziligawanywa, nyingine zikapewa dawa kwa watu peke yake, nyingine zikaongezewa kuua konokono, nyingine elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka sana visiwani, lakini hayakukatika. Mimi najifunza kutoka hapo kwamba hakuna silaha moja inayotosha.

Njia nyingine ni kuwarudishia konokono adui zao. Senegali, baada ya bwawa la Diama kukamilika mwaka 1986, kichocho cha tumbo kililipuka Richard-Toll. Bwawa lilizuia maji ya chumvi, konokono wakastawi, na kamba wa mtoni wanaokula konokono wakakatiwa njia ya kwenda kuzaliana. Watafiti wamejaribu kuwarudisha kamba hao, na pia kuondoa majani yanayoota ndani ya maji, ambamo konokono hujificha, na kuyageuza mbolea au chakula cha mifugo. Njia hii ya pili naiona inafaa kwetu, kwa sababu mwanakijiji anapata kitu mkononi. Ziwa Nyasa nalo limetuonyesha upande wa pili: samaki wanaotafuna konokono walipovuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe, kichocho kilipanda. Anayevuta kokoro ufukweni anavua pia walinzi wake.

Ng'ombe wangu wana minyoo ya ini. Ni konokono hawahawa?

Ni hadithi ya jamaa yao. Minyoo ya ini ya ng'ombe na mbuzi, Fasciola, hutumia konokono mwingine wa maji baridi, Radix natalensis, mwenye gamba laini, mdomo mpana, ulioko kulia. Ndani yake mirasidia huwa sporosisti, lakini badala ya sporosisti binti huja redia, yule mwenye mdomo, ambaye hula tezi ya konokono badala ya kuifyonza tu. Sekaria wake hawapenyi ngozi. Hujibandika kwenye nyasi za kando ya maji, hujifunika ganda, na kusubiri aliwe. Ndiyo maana ng'ombe wanaolishwa bondeni kiangazi, nyasi za juu zikiisha, ndio wanaopata zaidi. Mtu naye anaweza kuupata kwa kula mboga mbichi za majini.

Haya yote yaligunduliwa na nani?

Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliukuta mnyoo wa kichocho kwenye maiti jijini Cairo mwaka 1851. Kwa zaidi ya miaka 60 hakuna aliyejua unafikaje kwa mtu. Arthur Looss, mtaalamu mkubwa aliyekuwa Misri, aliamini mirasidia humwingia mtu moja kwa moja, bila konokono. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba kichocho cha Asia hukulia ndani ya konokono mdogo wa kwao. Mwaka 1915 Robert Leiper, mtaalamu wa minyoo kutoka Uingereza, alikwenda Misri, akakusanya konokono karibu na Cairo, akathibitisha vivyo hivyo, na akaonyesha kwamba kichocho cha mkojo na cha tumbo ni vimelea viwili vyenye konokono wawili tofauti.

Nani anaweza kupata kichocho nje ya Afrika?

Penye konokono anayefaa na maji yenye joto, kinaweza kuanza. Mwaka 2013 watu walioogelea mto Cavu, kisiwani Corsica nchini Ufaransa, waliambukizwa kichocho cha mkojo. Bulinus wa mto ule alikuwepo siku zote, na kilichokuwa kimekosekana ni yai.

Mnajuaje kama konokono fulani ameambukizwa? Naweza kufanya na wanafunzi wangu?

Njia ya kawaida ni rahisi. Konokono huoshwa, huwekwa mmojammoja kwenye kichupa chenye maji safi yasiyo na klorini, kisha huwekwa kwenye mwanga mkali kwa saa moja au mbili, vizuri zaidi kuanzia saa nne asubuhi. Ukitazama kwa lenzi, sekaria wanaonekana kama vinyuzi vyeupe vinavyorukaruka. Mkia wa panda unaweza kuashiria jamii ya kichocho, lakini haukuambii ni cha nani: Bulinus hutoa pia kichocho cha ng'ombe, na hadubini haiwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Hapo wataalamu hupima vinasaba. Na konokono asiyetoa kitu leo anaweza kuwa yuko wiki ya tatu ya maambukizi, kwa hiyo hurudiwa.

Mwalimu, nakuomba usiwapeleke wanafunzi kukusanya. Konokono hukusanywa kwa chujio lenye mpini mrefu, mkusanyaji akiwa amevaa buti ndefu za mpira na glavu zinazofika juu ya kiwiko, na maji ya vichupa huchemshwa kabla ya kumwagwa. Kama una magamba matupu yaliyokauka vizuri juani kwa wiki kadhaa, hayo yapeleke darasani. Waache watoto wayashike, ncha juu, na waseme mdomo uko mkono gani.